Mtungi bado mzito ila moto umefifia: presha, mvuke na baridi ya huku juu

Nauza gesi Uyole, hapa Mbeya, na kabla ya duka nilikaa miaka kadhaa kwenye maabara ya shule ya sekondari nikiandaa vifaa vya fizikia na kemia, kwahiyo malalamiko yanayokuja kaunta kila ikifika mwezi wa sita nayaelewa vizuri. Mama anashuka kwenye bodaboda kaukumbatia mtungi wa kilo 6 kama mtoto, hasira tupu, "mwanangu mmeniuzia hewa, hata wiki mbili hazijaisha moto umekufa". Namwambia shikamoo mama, tuuweke kwanza kwenye mzani. Mzani unasema gesi imebaki kilo mbili na ushee. Hakuna aliyemwibia. Gesi ipo, imelala chini ya mtungi, imekataa kupanda kwa sababu imepigwa baridi.

Mambo ya namna hii ni mengi sana huku kwetu, maharage yasiyoiva, pakiti za krispsi zilizovimba, bati linalodondosha maji wakati mvua haijanyesha, na kila moja watu wanamtafuta mtu wa kumlaumu, muuza gesi, muuza maharage, fundi wa paa. Mi nasema kabla hujamlaumu mtu jiulize vitu vitatu, presha ya hapo ikoje, joto likoje, na hicho kitu kina nafasi ya kutanuka au hakina. Mana sisi tunaishi juu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Iringa kwenye 1,600 hivi, Njombe inazidi 1,900, Kitulo inapita 2,600, alafu ukiteremka Kyela kule karibu na ziwa uko kama mita 500 tu. Dar presha ya hewa ni kama kilopaskali 101 (kilopaskali ni kipimo cha presha), Mbeya ni kama 82 au 83. Yaani karibu sehemu moja ya tano ya hewa tumeiacha chini. Ukijumlisha na baridi, vitu vingi vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa pwani huku vinabadilika tabia.

Moto wa gesi unafifia na mtungi bado mzito

Hili nalianza kwa sababu ndo linalogombanisha watu. Ndani ya mtungi hakujajaa gesi tupu, kuna kimiminika chini na mvuke juu yake, na unachochoma ni ule mvuke. Ukifungua koki mvuke unatoka, presha inashuka kidogo, kimiminika kinachemka kurudisha mvuke mwingine. Kuchemka kunahitaji joto, na joto hilo linatoka kwenye kimiminika chenyewe na kwenye chuma cha mtungi na kwenye hewa inayouzunguka. Ili kilo moja ya gesi igeuke mvuke inakula joto linalokaribia lile la kuchemsha lita moja ya maji ya bomba ya huku. Sasa fikiria mtungi umekaa juu ya sementi ya nyuzi 8 alfajiri, joto litatoka wapi? Halitoki, mtungi unazidi kupoa wenyewe, mvuke unapungua, moto unalala.

Kuna jambo lingine ndani ya hilo. Gesi yetu ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani inachemka kwenye nyuzi -42, yenyewe baridi ya Mbeya haiitishi hata kidogo. Butani kwa presha ya pwani inachemka kwenye nyuzi -0.5, kwa presha yetu ya Mbeya ni kama -6, hapo kimo chetu kinatusaidia kidogo. Ukiwa unapika propani inatoka kwa wingi zaidi mwanzoni, kwahiyo mtungi mpya moto ni mkali hata asubuhi ya baridi, ila ukifika robo ya mwisho kilichobaki wingi wake ni butani, na butani kwenye chuma kilichoganda haina nguvu ya kupanda. Ndo mana mtu anasema "ulianza vizuri alafu ukachoka". Anasema kweli kabisa.

Nakumbuka mama mmoja anakaanga chipsi pale jirani na stendi, mwezi wa saba, mtungi wa kilo 6 una kichwa cha jiko juu yake, moto wa nguvu toka saa kumi na moja alfajiri. Nilipita nikakuta nusu ya chini ya mtungi imevaa weupe, barafu nyembamba kama unga wa sembe, nikapitisha kidole ikabaki alama. Juu ya ule mstari wa weupe kulikuwa na matone ya maji tu, na juu zaidi pakavu. Ule mstari ndo ulikuwa unaonyesha kimiminika kimefika wapi ndani, usahihi ambao hata mzani hauwezi kukuonyesha kwa macho. Sasa moto ulivyolala kijana wake akachukua makaa kwenye sepeto anataka kuyamwaga kuzunguka mtungi ili uchangamke. Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Alikuwa hajui, na hakuna aliyewahi kumwambia, na hilo ndo linaloniuma kuliko yote.

Kupima ni hivi. Zima, subiri nusu saa, washa tena. Moto ukirudi na nguvu alafu ukafifia baada ya muda, tatizo ni baridi, usibadilishe kitu chochote. Ukirudi dhaifu vilevile toka mwanzo, basi ama gesi imeisha kweli, ama regyuleta imechoka, ama mpira umejikunja, ama tundu la jiko limeziba na mafuta. Kujua kama imeisha weka kwenye mzani, toa uzito wa mtungi mtupu ambao umegongwa kwenye chuma karibu na mshikio, kinachobaki ndo gesi. Kile kisaa cha presha usikitegemee kupimia kiasi, mana maadamu bado kuna kimiminika hata kikombe kimoja presha inafuata joto la mtungi, haifuati wingi, kitasoma vizuri vizuri alafu ghafla kitaanguka siku ya mwisho. Njia ya nyumbani kabisa, mwagia ubavu wa mtungi maji ya uvuguvugu alafu shika kwa kiganja kutoka juu kushuka chini, pale unapokuta ubaridi umeanza ghafla ndo kimiminika kilipo.

Dawa yake: toa mtungi kwenye sementi uuweke juu ya kipande cha mbao, usiuache nje ya nyumba usiku, na kama umeganda kabisa uweke kwenye beseni la maji ya bomba ya kawaida. Watu wanashangaa, maji ya baridi yatapashaje? Maji ya bomba yana nyuzi kama 16, mtungi uliovaa barafu uko kwenye sifuri au chini yake, kwa mtungi hayo ni maji ya moto. Kama unafanya biashara ya kukaanga siku nzima acha kilo 6, chukua 15 au 38, chuma kikubwa kina eneo kubwa la kupokea joto na kimiminika kingi hakipoi haraka.

Usiweke moto, makaa wala maji yanayochemka kwenye mtungi, hata kidogo. Na usiulaze wala kuupindua ukifikiri unaikamua. Ukiulaza kinachoingia kwenye koki sio mvuke tena ni kimiminika, na kimiminika hicho kikifika nje kinatanuka zaidi ya mara 250, moto uliokuwa wa kidole unakuwa wa urefu wa mtu. Kwa sababu hiyohiyo ya kutanuka mtungi haujazwi mpaka juu, unajazwa kama asilimia 80 ili kimiminika kikipata joto kiwe na pa kwenda. Kwahiyo ukiutikisa mtungi mpya ukasikia kinacheza ndani usidhani umepunjwa.

Moto wa njano, sufuria inakuwa nyeusi chini

Hapa gesi inatoka ila hewa haitoshi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya Mbeya ina oksijeni pungufu karibu asilimia 18 kuliko ya Dar, na jiko limetengenezwa kwa hewa ya pwani. Mara nyingi linajimudu, ila likichafuka kidogo tu, masizi au mafuta kwenye matundu, moto unakuwa wa njano. Fungua, piga brashi, zibua matundu kwa waya mwembamba bila kuyapanua, na kama jiko lako lina kile kipete cha kuruhusu hewa chini ya bomba la kichwa kizungushe kifunguke zaidi mpaka moto urudi bluu. Unjano unaotokea mwisho wa mtungi tu ni ile butani tuliyosema, inataka hewa nyingi kuliko propani.

Harufu ya gesi

Sina maneno mengi hapa, ila yashike. Gesi yenyewe haina harufu, ile ya kuoza imewekwa makusudi ili ujue. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, propani karibu mara moja na nusu, butani karibu mara mbili, kwahiyo haipandi dirishani, inatambaa sakafuni kama maji na kujaa kwenye kona na kwenye shimo. Fungua mlango unaofika chini sakafuni, sio dirisha la juu peke yake, usiwashe wala kuzima taa, funga koki, toka. Kutafuta panapovuja tumia povu la sabuni kwenye maungio, pakitoa mapovu ndo hapo. Kiberiti usikisogeze.

Maharage hayaivi

Mtu amehamia Njombe kutoka Dar, anapika maharage saa tatu bado yanagonga meno, anarudi sokoni kugombana na muuzaji. Kweli kuna maharage ya zamani yaliyokaa ghalani misimu miwili, hayo hata Kyela yatakusumbua. Ila sababu ya kwanza ni maji yako yanachemka mapema mno.

Maji yanachemka pale presha ya mvuke wake inapolingana na presha ya hewa inayoyakandamiza. Hewa ikiwa nyepesi hayahitaji joto kubwa kuishinda. Kwa kila mita 300 hivi unazopanda mchemko unashuka karibu nyuzi moja. Nikiwa kidato cha pili tulipewa zoezi la kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, nikasoma 94, nikaandika 94, mwalimu akapiga mstari mwekundu akaandika 100 pembeni kwa sababu kitabu kinasema 100. Nilikaa na lile jambo miaka mingi. Nilipokuja kuajiriwa maabara nikakichukua kipimajoto kimojawapo, nikakifunga kwenye gazeti, nikaenda nacho Kyela kwa dada siku ya msiba, jioni watu wametulia nikaomba sufuria jikoni. Kilisoma 98. Kipimajoto kilekile, asubuhi yake Uyole kilikuwa kimesoma 94. Dada akaniuliza unamtafuta nani humo ndani ya maji, nikamwambia nautafuta mlima. Kwahiyo mwanafunzi wa Mbeya anayesoma hapa, ukipata 94 andika 94, alafu andika na kimo cha mahali ulipo pembeni, jibu lako ni sahihi kuliko la kitabu. Kule Kitulo yangesoma karibu 91.

Sasa ukishaelewa hilo utaona kosa ambalo karibu kila jiko linafanya, kuongeza moto. Maji yakishachemka moto wa ziada hauongezi hata nyuzi moja, unaongeza mvuke tu, unapoteza mkaa na maji yanakauka. Punguza moto mpaka yachemke polepole, funika, joto ni lilelile. Na wale wanaoweka jiwe juu ya mfuniko, nimelipigia hesabu kwa sababu bibi yangu alikuwa analiamini sana. Jiwe la kilo 2 juu ya mfuniko wa sentimita 25 linaongeza presha kama paskali 400, juu ya 82,000 zilizopo, mchemko unapanda kama sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Kwa maharage hiyo haina maana yoyote. Linachosaidia ni mvuke usitoroke, maji yasiishe, na hilo nalo lina faida yake, bibi hakukosea kuliweka.

Kinachoivisha kweli ni presha kuka. Vali yake inafunguka presha ya ndani ikiizidi ya nje kwa kama kilopaskali 100, kwahiyo Dar ndani panakuwa kama 200 na maji yanafika nyuzi 120, huku kwetu ndani panakuwa kama 183 na yanafika 117. Bado tuko nyuma yao kidogo, ongeza dakika kadhaa juu ya zile za kwenye karatasi, ila toka 94 mpaka 117 ni safari kubwa, maharage yanalainika kwa nusu saa badala ya masaa. Ikianza kupiga mluzi mfululizo punguza moto, mluzi ule ni vali inamwaga usichohitaji. Na usiifungue kwa nguvu kabla presha haijaisha, ndani kuna maji ya nyuzi 117 yaliyozuiwa kuchemka, ukitoa kizuizi yanachemka yote kwa pamoja usoni kwako. Kama huna presha kuka loweka usiku kucha, maharage yaliyokwishakunywa maji hayahitaji muda mwingi jikoni.

Pakiti zimevimba, chupa imejibonyeza, tairi imepungua

Krispsi zikifungwa Dar zinafungwa na hewa ya Dar. Zikipanda Kitonga hewa ya nje inapungua, ya ndani bado ni ya pwani, inasukuma. Robert Boyle aliyaandika haya mwaka 1662, gesi ukiipunguzia presha inachukua nafasi kubwa zaidi, joto likibaki lilelile. Hewa hiyo ingekuwa haijabanwa na pakiti ingetanuka kwa zaidi ya moja ya tano. Kwahiyo mwenye duka wa Makambako akikuuzia pakiti ngumu kama mpira hajakuuzia kitu kilichooza. Ila hapa muwe makini, uvimbe wa mlima unaonekana kwenye boksi zima, pakiti zote sawasawa, toka siku zilipofika. Ukikuta moja imevimba kuliko wenzake na inaendelea kuvimba siku hadi siku, mtindi au juisi, hiyo ni bakteria wanatengeneza gesi humo ndani, tupa. Kopo la bati lililovimba tupa bila kuuliza.

Kinyume chake maliza maji kwenye chupa ukiwa Mbeya, funga kizibo kikaze, panda basi. Ukifika Dar chupa imejibonyeza kama imekaliwa, kwa sababu nusu lita ya hewa ya Mbeya ukiifikisha pwani inatosha nafasi ya kama mililita 405 tu. Mtoto ukimwonyesha hiyo mara moja hatasahau presha ya hewa maisha yake yote.

Tairi nayo ina mahesabu yake na madereva wengi wanaulizana hapa. Umejaza psi 32 Dar kwenye nyuzi 30, unaamka Makambako kwenye nyuzi 8. Baridi inakula kama psi 3 na nusu, wepesi wa hewa ya nje unakurudishia kama psi 2 na nusu kwenye kipimo, mwisho wa siku umepungukiwa psi 1 tu. Kwahiyo kipimo kikisoma 25 usiseme ni baridi, una msumari.

Soda ikimwaga povu ukiifungua, ilipata joto au ilitikiswa. Hewa ya ukaa inayeyuka vizuri kwenye kinywaji cha baridi, kikipata joto inataka kutoka, na huku juu inasukumwa kidogo zaidi kwa sababu nje presha ni ndogo. Iweke kwenye maji ya baridi robo saa kwanza. Na kwa wasiojua, hewa hiyo ya ukaa inatoka yenyewe ardhini kule Busokelo, Rungwe, ni mambo ya volkano, inavunwa na kutiwa kwenye vinywaji.

Dumu la petroli lililovimba mchana lifunguliwe polepole, kivulini, mbali na jiko. Kimiminika kimetanuka kidogo, lita 20 zilizojazwa kwenye nyuzi 10 zikifika 30 zinaongezeka karibu lita 0.4, lakini kinachovimbisha hasa ni mvuke, ambao unaongezeka haraka sana joto likipanda na wenyewe ni mzito, unatambaa chini kama gesi ya mtungi. Bora zaidi petroli isikae ndani ya nyumba.

Bati linadondosha maji na mvua hakuna

Simu ya saa kumi na mbili asubuhi, fundi rudi paa lako linavuja, na nje anga ni jeupe nyota zimetoka usiku kucha. Fundi anapanda, anapaka lami kwenye kila msumari, kesho yake linadondosha tena. Dalili ya kutofautisha ni rahisi. Paa linalovuja linavuja mvua ikinyesha na sehemu moja au mbili. Hili linatoka usiku usio na mawingu, na ukimulika tochi unaona matone upande wa ndani wa bati zima, yamejipanga yanateleza kufuata mgongo wa bati mpaka kwenye papi, yanakusanyika hapo alafu yanaanguka kwenye kitanda.

Maji hayo yametoka kwenu nyinyi mliolala. Mtu mmoja usiku anapumua kama gramu 40 za maji kwa saa. Watu wanne, masaa 8, ni lita moja na robo. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2 na nusu, hewa yake ikiwa na nyuzi 20 inaweza kubeba mvuke kama gramu 390, ikishuka mpaka nyuzi 10 inabeba kama 210 tu. Kwahiyo mvuke unaongezeka na mfuko wa kuubebea unapungua, cha ziada lazima kigeuke maji, na kinageukia pale penye baridi kuliko pote, kioo cha dirisha, ukuta wa nyuma ya kabati, na zaidi ya vyote bati. Usiku wa nyota bati linatupa joto lake angani moja kwa moja mpaka linakuwa baridi kuliko hewa yenyewe iliyolizunguka, ni jambo lilelile linalogandisha umande kwenye majani ya viazi kule Makete na Njombe wakati hewa ya usawa wa kifua chako bado haijafika sifuri.

Lami haina kazi hapo. Unachohitaji ni mvuke utoke na bati lisikutane nao. Acha tundu la hewa juu ya dirisha, hata la upana wa vidole vitatu, lisizibwe na matambara. Weka dari, hata ya bei ndogo, inatenganisha hewa ya chumba na bati. Usianike nguo ndani usiku, nguo zilizokamuliwa kwa mkono za familia moja zinaweza kutoa lita kadhaa. Nguo zianike nje hata kama jua halina nguvu, mwezi wa sita na wa saba upepo wetu ni mkavu, unakausha kwa kuchukua mvuke sio kwa joto, tofauti na Tukuyu kipindi cha ukungu ambapo hewa imeshajaa na shati linakaa siku tatu kwenye kamba bado linanuka.

Kioo cha gari kikipata ukungu ndani kwenye mvua za Igawilo ni hilohilo, fungua dirisha kidogo au washa eisii ikaushe hewa, kufuta kwa mkono ni kupaka mafuta tu.

Mnaamka wote kichwa kinauma

Nimeweka hili karibu na la bati kwa sababu linatokea kwenye nyumba ileile iliyozibwa kila tundu. Baridi imekaza, jiko la mkaa limemaliza kupika, makaa bado yanang'aa mazuri, linaingizwa chumbani watu waote usingizi. Makaa hayatoi moshi kwahiyo watu wanadhani ni salama. Makaa yanayoungua kwa hewa haba yanatoa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, na uzito wake unakaribiana na wa hewa kwahiyo haikai chini wala haikai juu, inachanganyika na chumba chote, kulala kitandani au sakafuni hakukuokoi. Inashika damu mahali pa oksijeni.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu, na alama kubwa ni kwamba inawapata wote waliolala chumba hicho kwa pamoja na inapungua mkitoka nje. Malaria haifanyi hivyo. Ukiona hivyo usimpe mtu panadoli akalala tena. Fungua mlango, mtoe kila mtu nje hata kama kuna baridi ya kuumiza, kama kuna ambaye hasemi vizuri au haamki mbebe, alafu hospitali moja kwa moja na mwambie daktari kulikuwa na jiko la mkaa chumbani, hilo neno litaokoa muda.

Kama mnataka joto la usiku, chemsha maji jioni, jaza chupa ngumu au dumu la lita 5, funga vizuri, funga na kanga, weka miguuni. Lita 5 za maji ya nyuzi 60 zinatoa joto mpaka karibu alfajiri. Na lile jiko, likiwa bado lina kaa hata moja linalong'aa, lilale nje ya mlango.